Kibanda Changu, Mabanda Yenu

Mwenye nyumba anapomwambia mgeni "karibu kibandani kwangu", hakuna anayetazamia kukuta kibanda. Mgeni huenda akaingizwa kwenye nyumba ya vyumba vinne iliyoezekwa vigae, sakafu inang'aa, na bado akaitikia kwa adabu kwamba pazuri, Mungu azidishe. Neno "kibanda" hapo limetumwa kazi ya unyenyekevu na limeifanya vizuri. Lakini mgeni huyohuyo akirudi kwake akawasimulia watu kwamba fulani anaishi kwenye kibanda, na habari hizo zikamfikia mwenyeji, urafiki umeingia ufa. Neno halikubadilika hata herufi moja. Kilichobadilika ni kinywa kilicholitamka.

Nimekuwa nikilifuatilia neno hili na ndugu zake kwa muda, hasa kila ninaposoma habari za Nairobi zinazoandika "mtaa wa mabanda wa Kibera" kana kwamba maneno hayo matatu ya mwanzo ni sehemu ya jina la mahali. Tumezoea kuamini kwamba "banda", likitumika kwa makazi ya watu, maana yake ni nyumba chafu. Mimi naona sivyo. Uchafu umelifuata neno hili baadaye. Maana yake ya ndani inahusu muda: banda ni kitu kilichosimamishwa kwa sasa, kisichodai haki ya kuwapo kesho, na yeyote anayeliita kao la mtu kwa jina hilo ameshatoa nusu ya hukumu juu ya kesho ya mtu huyo.

Tazama jinsi neno lenyewe linavyoishi nje ya habari za umaskini. Kuna banda la ng'ombe na banda la kuku, kuna banda la seremala, na kuna mabanda ya maonyesho ya Sabasaba na Nanenane, ambako waziri hupita kutoka banda hadi banda akipewa maelezo na vipeperushi, na hakuna wizara iliyowahi kulalamika kwamba imetukanwa kwa kuambiwa ina banda. Kibanda nacho kina heshima yake ya biashara: kibanda cha chipsi, kibanda cha kutolea pesa, kibanda umiza ambamo vijana hubanana kutazama mpira na filamu zilizotafsiriwa. Nairobi, mfanyakazi wa ofisini aliyevaa tai hukwambia bila aibu kwamba leo mchana anakula kibandani, na Sheng imeshalipamba neno hilo likawa "kibandaski". Vyote hivyo vina sifa moja: hakuna mtu anayekusudiwa kulala humo. Paa lipo, nguzo zipo, pembeni pako wazi au pamezibwa kwa kilichopatikana, na shughuli ikiisha kitu chote kinaweza kufunguliwa kikahamishwa. Hapo hakuna dharau. Dharau inaanza pale tunapolichukua neno la mahali pasipolaliwa na kuwabandika watu wanaolala, wanaozaa na wanaozeekea hapo.

Kiswahili kina njia yake ya kuzalisha dharau hata bila kutafuta neno jipya, nayo ni viambishi. Kutokana na "nyumba" tunapata "jumba" lenye fahari na "kijumba" kilichosinyaa. Ki- hiyo hiyo inayotupatia "kijiji" bila ubaya wowote ndiyo inayotupatia "kijitu", na msikilizaji hutegemea sauti na uso wa msemaji kujua kama amesikia huruma, mapenzi au kejeli. Ndiyo maana "kijumba" kinaweza kuwa cha bibi, chenye bustani na kumbukumbu tamu, na pia kinaweza kuwa tusi. Ukubwa nao si kinga. "Jumba" likiongezewa sifa moja tu huwa "jumba bovu", na sote tunajua maana ya kumwangushia mtu jumba bovu.

Sifa zenyewe tunazichanganya ovyo, ingawa kila moja ina kazi yake. Nyumba chakavu ni iliyochoka kwa umri na matumizi. Huenda ilikuwa nzuri. Nyumba mbovu ina hitilafu, na hitilafu hutengenezwa. Nyumba hafifu imejengwa kwa vitu visivyohimili mvua na upepo. Nyumba duni iko chini ya kiwango ambacho mtu fulani amekiweka, kwa hiyo kila inapotajwa ni halali kuuliza kiwango ni cha nani. Nyumba chafu ni isiyofagiliwa, basi, na inaweza kuwa ya bilionea. Zizi hatulitaji kwa jengo bali kwa tabia: mama anayefungua mlango wa chumba cha mwanawe na kuuliza "hiki ni chumba au zizi?" halalamikii kuta. Na gofu ni nyumba iliyokufa; ikikaa hivyo karne kadhaa, kama za Gede na Kilwa Kisiwani, watu hulipa kiingilio kuitazama. Neno "mabanda" limezifunga sifa hizi zote katika furushi moja, na aliyefungiwa humo hawezi kujua anatuhumiwa kwa lipi.

Kwa kulinganisha, yapo majina ya mitaani ambayo ni makali zaidi masikioni lakini kwangu mimi ni ya haki zaidi, kwa sababu yanataja kasoro waziwazi. Chukua "nyumba ya mbavu za mbwa". Fundi huchimbia nguzo, hupitisha fito za ulalo ndani na nje akizifunga kwa kamba, kisha nafasi iliyobaki katikati hujazwa udongo uliokandwa kwa maji, na mwisho ukuta hukandikwa ukawa laini. Kandiko likipasuka na mvua zikalimega, au fedha zikiisha kabla ya kukandika, fito hubaki nje zikihesabika moja moja kama mbavu za mbwa mwenye njaa. Jina hilo linauma, lakini linakwambia ukuta umekosa nini, na hata linakwambia dawa: udongo, maji na siku chache za kazi. Vivyo hivyo nyumba ya nyasi tupu kuanzia juu hadi chini watu huiita kwa utani "fulu suti". Ni kejeli, ila ni kejeli ya fundi au jirani, inayoona kitu na kukieleza. "Tembe" na "msonge" hayakuwa hata na kejeli. Ni majina ya namna za ujenzi, la kwanza la nyumba ya paa bapa la udongo, la pili la nyumba ya mviringo, mpaka yalipoanza kutajwa na watu waliokwisha kuhamia kwenye bati.

Kwamba aina ya ukuta ilikuja kuwa hukumu juu ya mtu si jambo lililojizukia. Dar es Salaam, kanuni ya ujenzi ya Wajerumani ya mwaka 1891 iliugawa mji katika kanda tatu kwa kufuata namna ya majengo, na Waingereza waliokuja baadaye wakaendelea na mtindo huohuo. Karatasi zilizungumzia vifaa vya ujenzi. Wananchi, ambao hawakudanganyika, wakaziita kanda hizo Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Sheria ilitaja ukuta na watu wakasoma rangi. Zanzibar hapakuhitajika hata kanuni ya namna hiyo kwa lugha kutenda kazi: upande wa pili wa hori, mkabala na majumba ya mawe, uliitwa Ng'ambo, na neno hilo lisilo na kosa lolote likabeba kwa muda mrefu picha ya vibanda vya makuti na watu wasiohesabika.

"Uswahilini" limekuwa na bahati kuliko mengine, maana wenyewe walilichukua wakalifanya lao. Anayesema amekulia uswahilini anaweza kuwa analalamika juu ya choo cha pamoja, lakini mara nyingi anajisifu kwamba anajua kuishi na watu. Serikali ilichagua njia nyingine. Shirika la Nyumba la Taifa lilipoundwa mwaka 1962, kazi yake mojawapo katika sehemu za Dar es Salaam kama Magomeni na Kariakoo ilikuwa kubomoa nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti na kujenga za kudumu mahali pake. Ilikuwa nia njema, lakini yenye gharama ambayo ilionekana upesi, kwa sababu nyumba ya Kiswahili, yenye ukumbi katikati, vyumba pande zote mbili na ua nyuma, ilikuwa inalaza kaya kadhaa, kila moja na chumba chake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 sera ikageuka: badala ya kubomoa, kupima viwanja vipya kama vile Sinza na kupeleka maji na barabara kwenye maeneo yaliyokwisha kujengwa kama Manzese. Tangu mwaka 2004 wakazi wa maeneo ya namna hiyo jijini wakaanza kupewa leseni za makazi, zilizotokana na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Lugha ilifuata nyuma. Siku hizi mtu wa Manzese au Tandale hasikii eneo lake likiitwa mabanda. Husikia "makazi yasiyopangwa", na akipata msemaji mwenye hasira, "makazi holela". La kwanza nalivumilia. La pili linaudhi kwa namna yake, maana "holela" linamtupia lawama aliyejenga, ilhali anayepaswa kupanga mji ni mwingine.

Kenya ndiko "mabanda" yalikoota mizizi, na ndiko utaona wazi zaidi kwamba wanaoitwa na wanaoita hawazungumzi lugha moja. Wakazi wa Kibera hawasemi wanaishi mabandani. Wanasema wanaishi Gatwekera, Soweto, Lindi, Silanga, Kianda, Mashimoni au Laini Saba, na kila moja ya sehemu hizo huitwa kijiji, chenye mzee wa kijiji ambaye unakwenda kwake ukitaka kushuhudiwa au kusuluhishwa. Shirikisho la wakazi wa mitaa ya namna hiyo lililoanzishwa mwaka 1996 lilijiita Muungano wa Wanavijiji. Wangeweza kujiita chochote. Walichagua neno la mahali penye watu, wazee na mipaka. Jina la Kibera lenyewe linatokana na "kibra", neno la Kinubi lenye maana ya msitu, kwa kuwa msitu ndio waliopewa askari wa Kinubi wa jeshi la Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Wajukuu wao walisubiri mpaka mwaka 2017 kupata hati ya pamoja ya ekari 288. Mzee wa Makina, kijiji cha Wanubi humo Kibera, ambaye jamii yake imepewa hati hiyo, bado anaweza kusikia kwenye taarifa ya habari ya jioni kwamba anakaa kwenye mtaa wa mabanda.

Wakati mmoja nilialikwa chai Laini Saba. Chumba kilikuwa cha futi kumi kwa kumi, kipimo ambacho huko kila mtu anakijua. Ili kukifikia ilibidi kupita juu ya ubao uliolazwa kwenye mtaro wa maji ya kijivu, na harufu ya mtaro huo sitaipamba. Ndani, kuta za udongo zilikuwa zimefunikwa kwa mapazia meupe ya maua kutoka juu mpaka chini, kwa sababu udongo mkavu hudondosha vumbi kwenye vyombo. Pazia jingine lilitenga kitanda na viti. Viti vilikuwa vimevikwa vitambaa vilivyodariziwa kwa mkono, vimepigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Chini ya meza palikuwa na mitungi ya maji ya lita 20 iliyopangwa kama askari. Viatu tuliviacha mlangoni, juu ya gunia. Na mama mwenyeji aliponifungulia hakusema neno lolote la kibanda. Alisema, kama wasemavyo Nairobi, "Karibu kwa nyumba."

Nyumba ile ilikuwa safi kuliko nyingi nilizozoea kuingia. Uchafu wote ulikuwa nje ya mlango, katika sehemu ambayo si yake, sehemu ya mitaro na taka ambayo kwingineko jijini hushughulikiwa na watu wanaolipwa kwa kodi. Hata Umoja wa Mataifa, ambao shirika lake la makazi lina makao makuu jijini Nairobi, ulipotaka kulipima jambo hili mwanzoni mwa miaka ya 2000 haukutaja usafi wa mkazi. Ulichagua vigezo vitano: kaya inakosa maji salama, au inakosa choo kinachofaa, au watu ni zaidi ya watatu kwa chumba kimoja, au jengo si la kudumu, au wakazi hawana uhakika wa kutofukuzwa. Kigezo cha mwisho ndicho kinachonivutia. Mtu anaweza kuwa na ukuta wa matofali na bomba la maji, na bado akahesabiwa huko kwa sababu tu hajui kama mwakani atakuwa pale. Hata kipimo cha kitaalamu, kwa hiyo, kilikuta muda ndani ya neno.

Hesabu nazo huharibika zikikabidhiwa neno la jumla. Kwa miaka mingi ilirudiwa kwamba Kibera ina watu milioni moja au zaidi, mpaka sensa ya mwaka 2009 ilipokuta takriban 170,000. Watu wamebishana sana kuhusu sensa ile, na haki yao. Lakini takwimu inayoweza kuzidishwa zaidi ya mara tano bila mtu kushtuka ni takwimu ya mahali ambapo wasemaji hawaoni nyumba moja moja, wanaona rundo.

Sikiliza sasa vitenzi, maana humo ndimo hatari inapojificha. Nyumba hubomolewa, na kitenzi hicho kina kishindo. Msikilizaji huuliza mara moja ilikuwa ya nani na amelipwa nini. Mabanda huondolewa. Au husafishwa, na eneo "likarejea katika hali yake". Mwezi Mei mwaka 1990, wakazi wa Muoroto jijini Nairobi walivamiwa na matingatinga na askari, na makazi yao yakatoweka. Desemba mwaka 2015, katika bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, bomoabomoa iliwakuta watu wakiwa na watoto na masufuria, na mjadala wote ukawa juu ya "waishio mabondeni", kana kwamba bonde ndilo lililowazaa. Sisemi kwamba kila ubomoaji hauna sababu. Mto ukifurika haumwulizi mtu hati, na mafuriko ya mwaka 2024 jijini Nairobi yaliwaua watu waliokuwa wamejenga kingo za mito. Ninachosema ni kwamba neno linaposema kuwa kitu ni cha muda, anayekiondoa hajisikii kama ameondoa chochote.

Mfano mkali kuliko yote ninaoujua umetoka Zimbabwe. Mwaka 2005 serikali ya huko iliendesha operesheni ya kubomoa makazi na vibanda vya biashara mijini, ikaipa jina la Kishona, Murambatsvina, lenye maana ya kukataa uchafu. Aliyetumwa na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa kwenda kuchunguza alikuwa Mtanzania, Anna Tibaijuka, aliyekuwa akiliongoza shirika la makazi la umoja huo, na taarifa yake ilikadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza makazi, njia ya kujipatia riziki, au vyote viwili. Hapo tafsiri imekamilika: kwanza nyumba imeitwa kibanda, kisha kibanda kimeitwa uchafu, kisha ufagio umeletwa.

Wapo walioamua kulinyang'anya neno badala ya kulikimbia. Durban, Afrika Kusini, mwaka huohuo wa 2005, watu wa vibanda walianzisha chama wakakiita Abahlali baseMjondolo, yaani wakaazi wa vibandani, na wakaenda mahakamani na barabarani kwa jina hilo. Kwetu jambo linalokaribia hilo limefanywa na vijana, bila chama wala katiba. Kijana wa Dar akikwambia "twende geto" anamaanisha chumba chake cha kupanga, chenye godoro na spika kubwa, na hakumbuki wala hahitaji kukumbuka kwamba neno hilo lilitoka Venice, ambako mwaka 1516 Wayahudi walitengewa mtaa wa kufungiwa usiku. Kwa kijana wa Nairobi, geto ni alikotoka, na hulitamka kwa kifua mbele. Neno "mabanda" halijawahi kupata bahati hiyo. Sijamsikia mtu akiimba kwamba yeye ni mtoto wa mabandani, na nadhani sababu ni ileile: geto ni mahali, kijiji ni mahali, uswahilini ni mahali, lakini banda ni kitu tu, na mtu hawezi kutoka ndani ya kitu akajivunia.

Kwa upande wangu, ninapoandika nimeshaliacha. Nikitaja Mathare naandika Mathare, na nikihitaji kueleza hali ya makazi naeleza kinachokosekana, kwamba kuta ni za mabati, kwamba choo ni kimoja kwa kaya nyingi, kwamba maji hununuliwa kwa mtungi. Sentensi huwa ndefu, na mhariri huenda akalalamika.

Kuna sababu nyingine ya kuliacha, nayo ni kwamba limeanza kupitwa na mambo. Makazi mabaya ya Nairobi ya leo mengi si mabanda hata kidogo. Nenda Pipeline, huko Embakasi, au Huruma, utakuta maghorofa ya mawe yaliyosongamana mpaka jirani anaweza kumpa jirani chumvi kupitia dirishani, vyumba vya chini vinawasha taa adhuhuri, na ngazi ni nyembamba kiasi kwamba kitanda kinapandishwa kwa kamba kutoka nje. Jengo la ghorofa sita lilipoporomoka Huruma usiku wa mvua, Aprili mwaka 2016, likaua watu wasiopungua 50, lilikuwa la mawe na saruji, na hakuna aliyeweza kuliita banda. Kiswahili cha magazeti hakijapata jina la kao la namna hiyo. Wapangaji wanalo. Wanaliita ploti, kodi inadaiwa kila mwanzo wa mwezi, na atakayechelewa anakuta kufuli la keyateka, yaani msimamizi wa jengo, juu ya lake.